Kuhesabu samaki na wanyama wa Ruzizi kabla baraji haijajengwa

Baraji, ule ukuta wa kuzuilia mto, ikishajengwa, mto wa zamani unabaki kwenye karatasi tu. Karatasi hizo zikikosekana, mvuvi atakayelalamika kwamba samaki wamepungua ataulizwa wamepungua kutoka ngapi, na hapo mazungumzo yatakwisha. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu hapa Bukavu, kwenye mwinuko wa karibu meta 1,460, na kuingia Ziwa Tanganyika kwenye karibu meta 770. Mteremko wa namna hiyo hauachwi na wahandisi: Ruzizi I inazalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi II tangu 1989, na Ruzizi III imepangwa kutoa megawati 206 zitakazogawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi.

Kwa hiyo hali ya mwanzo utakayoipima si ya mto ambao haujaguswa. Iandike hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, la sivyo msomaji makini atakuwekea alama ya kuuliza hapo hapo.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa hidrobiolojia, vyama vya wavuvi na mashirika ya mtaani. Hauhitaji maabara. Unahitaji subira, kaye (daftari) nzuri na watu wanne wasioogopa baridi ya asubuhi.

Samoni hayupo Ruzizi, ila yumo kwenye ripoti

Ujuzi mwingi kuhusu samaki na mabaraji ulipatikana kwenye mito ya samoni, samaki wa nchi za baridi anayepanda mito kwenda kuzaa, Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Ripoti za miradi ya Afrika mara nyingi hubeba mawazo hayo bila kuyapima. Baadhi yanatufaa, mengine hapana.

Linalotufaa ni hili: maporomoko yasikudanganye. Kule Alaska, kwenye mto Susitna ambako jimbo lilipanga baraji iitwayo Susitna-Watana, kuna korongo la maji makali linaloitwa Devils Canyon. Samoni karibu wote hukomea hapo, lakini wachache wa aina ya samoni iitwayo Chinook hupenya na kwenda kuzaa juu yake. Kwetu pia maporomoko ya Ruzizi ya juu yamewatenganisha samaki wa Kivu na wa Tanganyika kwa muda mrefu. Ndiyo maana sambaza, yule samaki mdogo *Limnothrissa miodon*, hakufika Kivu kwa kuogelea bali aliletwa na watu kutoka Tanganyika mwaka 1959. Hata hivyo, ukuta unaomzuia sambaza si lazima umzuie samaki mwenye nguvu zaidi. Kila aina ithibitishwe peke yake, juu na chini ya kila poromoko.

Lisilotufaa ni ngazi ya samaki, yaani vidato vya maji vya kumpandisha samaki kupita baraji, iliyochorwa kwa ajili ya samoni. Samoni ni mrukaji. Vidato vya sentimeta 30 au zaidi havimshindi. Haplokromis, samaki wetu wadogo wa jamii ya sato, mwenye sentimeta 8 ataishia kidato cha kwanza, na hata kambale anataka vidato vifupi na maji ya polepole. Kuna jambo la pili ambalo husahaulika zaidi. Samoni wa Pasifiki hufa akishazaa, hivyo wabunifu wa ngazi zake hawakuhangaika sana na mzazi anayerudi. *Labeobarbus altianalis*, yule samaki mkubwa wa magamba mapana wa Kivu na Ruzizi, huzaa zaidi ya mara moja maishani. Akipanda atashuka, na akishuka atakutana na turbini. Ukisoma kwenye mpango kwamba "ngazi ya samaki itajengwa", tafuta ukurasa unaoeleza njia ya kushukia. Usipouona, hilo ndilo swali lako la kwanza kwenye mkutano wa hadhara.

Karatasi kabla ya wavu

Ruzizi ni mpaka wa nchi. Anza na chifu wa kijiji, kisha sheferi (utawala wa jadi wa eneo): Ngweshe kwa upande wa Kamanyola, halafu Bafuliiru na Uwanda wa Ruzizi ukiendelea kushuka. Pata barua ya huduma ya mazingira na uvuvi ya teritware inayotaja nyavu zako kwa ukubwa wa matundu, maana utatumia matundu madogo ambayo mvuvi wa kawaida hukatazwa, na ugomvi juu ya hilo huanza haraka. Nakala moja ibaki na walinzi wa mpaka wa eneo hilo, na majina ya timu yote yawe ndani yake.

Karibu na Ruzizi I, inayoendeshwa na SNEL, shirika la umeme la Kongo, na Ruzizi II, ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi, usipige picha za mitambo. Droni iache nyumbani. Mtu mwenye darubini ya ndege mpakani, saa kumi na mbili asubuhi, hana maneno ya kutosha ya kujieleza kama hana barua.

Gawa mto vipande vinne

Katika bonde kama hili mradi huwa na baraji fupi inayoinua maji, kisha maji hayo huingia kwenye mfereji au tundu la chini ya ardhi, huteremka hadi nyumba ya mashine, na kurudi mtoni kilometa kadhaa chini. Kwa hiyo mto hauathiriki kwa namna moja.

Kipande A ni juu ya baraji, ambako maji ya kasi yatageuka kuwa bwawa. Kipande B ni kati ya baraji na nyumba ya mashine, ambako mto utabaki na maji machache. Kipande C ni chini ya nyumba ya mashine, ambako maji yatapanda na kushuka kila siku kufuata mahitaji ya umeme. Kipande D ni cha kulinganisha: sehemu ambayo mradi hautaigusa.

Timu nyingi hupoteza nguvu kwenye A kwa sababu hapo ndipo bwawa litaonekana. Sisi tunashauri kinyume: kati ya siku kumi za kazi, nne ziende B, tatu C, mbili D, moja A. Samaki wa mawe na maji ya kasi wanaishi B, na humo ndimo watakapokosa mahali pa kwenda. Ni kipande kigumu pia, kwa sababu bonde lina kuta kali na njia za kushukia ni chache. Ugumu huo ndio unaofanya ripoti nyingi ziwe na kurasa kumi za A na nusu ukurasa wa B.

Kupata D ni shida kwenye Ruzizi kwa kuwa mto wenyewe tayari unaongozwa na mabaraji mawili. Tumia vijito: upande wa mashariki kuna Ruhwa, ambayo ni mpaka wa Rwanda na Burundi, na upande wa Kongo kuna vijito vinavyoshuka kutoka milimani kuelekea uwanda. Chagua viwili vyenye mawe na mteremko unaokaribia ule wa B. Kijito hakifanani na mto mkubwa, lakini kitakuonyesha kama mwaka wenyewe ulikuwa mbaya kwa samaki wote au kama tatizo liko kwenye mto wa baraji tu. Bila D, ukame wa mwaka mmoja utasingiziwa baraji, au baraji itajificha nyuma ya ukame.

Kila kipande kiwe na vituo vitatu, kila kituo meta 200 za ukingo. Chukua nukta za GPS mwanzo na mwisho wa kituo, kwa namba za desimali, mfumo wa WGS84. Paka rangi jiwe lisilohamishika. GPS ya simu ndani ya korongo inaweza kukosea kwa makumi ya meta kwa sababu ukuta unaficha setelaiti, jiwe halikosei.

Majira

Mvua za Bukavu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, kiangazi ni Juni hadi Agosti. Pima mara nne kwa mwaka: Januari au Februari, Aprili, Julai, na Oktoba au Novemba. Miaka miwili ndiyo kiasi cha chini kabisa.

Julai samaki wanakamatwa kirahisi kwa kuwa maji ni machache na masafi, hivyo timu yenye pesa za safari moja huchagua Julai. Ndiyo safari isiyofaa kuwa ya peke yake. *Labeobarbus* hutafuta changarawe na vijito mvua zinapoanza, na kambale huingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji mafuriko yanapokuja. Ukipima Julai tu, utaandika kwamba hukuona dalili ya uhamaji wowote, na mtu ataitumia sentensi yako dhidi ya wavuvi.

Vifaa

- Nyavu za kutega, kila moja meta 25 kwa 1.5, zenye matundu ya milimeta 20, 30, 40, 60 na 80 yakivutwa
- Kimia cha kurusha chenye kipenyo cha meta 3
- Migono 6 ya matete au ya waya
- Mshipi wa ndoano 50, namba 8 hadi 14
- Mizani ya kidijitali ya jikoni ya kilo 5 inayosoma gramu 1
- Ubao wa kupimia wa sentimeta 60
- Kipimajoto na kipima konduktiviti (uwezo wa maji kupitisha umeme, unaoonyesha wingi wa chumvi)
- Makoti ya kuelea kwa kila mtu, na kamba ya meta 30
- Formalini, spiriti ya asilimia 95, chupa za mdomo mpana, glavu
- Kaye za karatasi ngumu na penseli

Ubao wa kupimia fundi seremala atakutengenezea: ubao laini, rula ya chuma iliyopigiliwa, na kipande cha mbao kilichosimama kwenye sufuri. Angalia sufuri yenyewe. Rula nyingi za dukani huacha nusu sentimeta kabla ya namba kuanza. Samaki wako wote watakuwa wafupi kwa nusu sentimeta kwa miaka miwili na hutajua.

Nyavu tano za matundu tofauti ni lazima. Wavu wa milimeta 60 peke yake utakuambia kwamba mto una samaki wakubwa tu, kwa sababu wadogo wamepita.

Kutega

Kwenye maji yaliyotulia, tega 17:00 na utoe 06:00. Kwenye mkondo wa kasi wavu wa kutega haufai: unalala, unajaa majani na chupa za plastiki. Taka zinazotoka Bukavu zinajulikana mpaka kwenye mashine za Ruzizi I, ambazo huzibwa nazo. Wavu wako hautapona. Huko tumia kimia, mitupo 20 kwa kila kituo, na migono iliyofungwa nyuma ya mawe makubwa, mdomo ukielekea chini ya mto kwa sababu samaki hupanda. Baada ya saa 24 itoe.

Saa ziandikwe kwa mtindo wa 00:00 hadi 24:00. "Saa mbili" kwa mwenzako mmoja ni asubuhi ya kazi, kwa mwingine ni baada ya chakula cha mchana, na kaye haitakuambia nani aliandika.

Jambo linaloharibu takwimu nyingi kuliko yote ni kuandika samaki bila kuandika juhudi. "Tulipata samaki 42" haina maana yoyote. Kwa mfano, nyavu nne za meta 25 kwa 1.5 zina eneo la meta za mraba 150. Zilikaa majini saa 13. Gawa 42 kwa 1.5, kisha kwa 13: unapata samaki 2.15 kwa kila meta za mraba 100 kwa saa. Namba hiyo inaweza kulinganishwa na ya mwaka 2040. Usiku usiokamata kitu uandikwe pia, kwa sufuri, pamoja na eneo na saa zake. Wengi huruka usiku huo kwa aibu, na wastani wao hupanda bila sababu.

Kuvua kwa umeme kusijaribiwe. Vifaa vya kutengeneza kwa betri ya gari vimeua watu, na maji ya Kivu yana chumvi nyingi kiasi kwamba hata mashine halali inahitaji mtu aliyefundishwa.

Samaki akiwa mkononi

Pima urefu mara mbili: kutoka ncha ya mdomo hadi mwanzo wa mkia, na hadi mwisho wa mkia. Mkia huliwa na kuchanika, hivyo kipimo cha kwanza ndicho cha kuaminika, lakini wavuvi na sheria huongelea cha pili. Kisha uzito. Kisha picha ya upande wa kushoto, kichwa kikiwa kushoto, rula ikiwa chini yake, kabla rangi hazijapotea. Rangi za haplokromis huondoka upesi baada ya kufa, na bila rangi hata mtaalamu atasita.

Samaki wengi warudishe majini wakiwa hai. Kwa kila aina weka kumi hadi ishirini tu kwa kila kipande. Kwa hao, fungua tumbo uangalie mayai au maziwa (mbegu za dume) na uandike hatua: 1 hajakomaa, 2 anaanza, 3 anaendelea, 4 yuko tayari na mayai yanatoka ukibonyeza, 5 amekwisha kuzaa. Majike wa hatua ya 4 waliokamatwa kwenye changarawe ya B ni ushahidi mzito kuliko kurasa nyingi za maneno.

Kwa kuhifadhi, utaratibu una mpangilio wake. Kwanza kata kipande kidogo cha pezi la kulia, kikae kwenye spiriti ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA. Ukitanguliza formalini, DNA imeharibika. Baada ya hapo, chanja tumbo upande wa kulia kwa samaki anayezidi sentimeta 10, umtumbukize kwenye formalini ya asilimia 10: sehemu moja ya formalini ya duka la dawa, sehemu tisa za maji. Akae wiki moja au mbili, asuuzwe kwa maji siku kadhaa, ndipo ahamie spiriti ya asilimia 70. Kazi ya formalini ifanyiwe nje, kwa glavu, mbali na watoto na sufuria.

Kanyanga, pombe kali ya kienyeji, si spiriti. Nguvu yake haijulikani na mara nyingi haitoshi. Samaki huoza ndani ya chupa taratibu, na harufu inakuja wakati umeshachelewa.

Lebo iwe ya karatasi ngumu, kwa penseli, ndani ya chupa pamoja na samaki. Wino wa biki huyeyuka kwenye spiriti, na lebo ya nje hubanduka. Chupa isiyo na mahali na tarehe itupwe, hata kama ndani kuna samaki wa ajabu.

Maji yanayopanda na kushuka

Funga nguzo yenye alama za kila sentimeta 2 kwenye kila kituo cha C, uisome 06:00, 12:00, 18:00 na 21:00. Ruzizi I na II tayari zinaupandisha na kuushusha mto, kwa hiyo unaweza kupima leo kile ambacho mradi mpya utaongeza au kupunguza.

Maji yanaposhuka ghafla, vifaranga hubaki kwenye vidimbwi na kwenye changarawe. Kwenye mito ya samoni hili limefuatiliwa kwa miaka mingi, nalo ni moja ya madhara yanayopimika kirahisi. Tembea meta 100 za ukingo ndani ya nusu saa baada ya maji kushuka, hesabu samaki walionasa, pima upana wa eneo lililoachwa wazi. Ukichelewa saa moja, kulastara na mnandi watakuwa wamekula takwimu zako. Andika pia kasi ya kushuka kwa sentimeta kwa saa, kwa sababu suluhisho linalodaiwa huwa ni kushusha maji polepole, na bila namba huwezi kudai.

Kamwe usisimame kwenye kisiwa cha mchanga chini ya mtambo. Mashine ikiwashwa, maji hayakungojei umalize kupima.

Kwa vijito na sehemu zisizo na kina, wingi wa maji hupimwa kwa chupa iliyojazwa nusu. Pima meta 20 zilizonyooka, achia chupa mara tano, chukua wastani wa sekunde. Ikichukua sekunde 25, kasi ya juu ni meta 0.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85 kwa sababu maji ya chini huenda polepole: 0.68. Upana wa meta 6 kwa kina cha wastani cha 0.4 ni meta za mraba 2.4. Jibu ni karibu meta za ujazo 1.6 kwa sekunde. Kwenye mto mkubwa usijaribu; omba takwimu za mitambo.

Wastani wa maji yanayotoka ziwani ni karibu meta za ujazo 100 kwa sekunde. Ukisikia kwamba B itaachiwa "asilimia 10", uliza asilimia 10 ya nini, na ya mwezi gani. Kanuni ya Tennant ya mwaka 1976, ambayo hunukuliwa sana, inaiweka asilimia 10 ya wastani wa mwaka kama kiasi cha kumfanya samaki asife kwa muda mfupi, na asilimia 30 kama kiasi cha kuishi vizuri. Nayo ilitokana na mito ya magharibi ya Marekani. Haikupimwa kwa samaki wa Ruzizi.

Konduktiviti itakupa jambo ambalo ripoti nyingi hulikosa. Maji ya juu ya Kivu yana karibu maikrosimensi 1,200 kwa sentimeta na pH ya karibu 9. Vijito vya milimani viko chini sana. Baraji ikichukua maji ya ziwa na kuyapitisha chini ya ardhi, B itabaki na maji ya vijito zaidi. Maana yake mto huo hautapungua tu, utabadilika maji yenyewe. Pima kila kituo, kila safari, na kila mdomo wa kijito.

Mama wa sokoni na wazee wa mtumbwi

Nenda sokoni Kamanyola, Luvungi na Kadutu asubuhi, siku za soko na siku za kawaida. Salamu kwanza, kununua kidogo, ndipo maswali. "Mama, samaki huyu ametoka wapi, na alivuliwa lini?" Swali la mahali ndilo la msingi, kwa sababu mezani utakuta ndakala wa Tanganyika, sambaza wa Kivu, na thomson wa barafu kutoka mbali, wote kando ya samaki wa Ruzizi. Asiyeuliza ataandika samaki wa baharini kwenye mto wetu.

Mvuvi usimuulize kwa jina la samaki. Jina moja Kamanyola ni samaki mwingine Bugarama, ng'ambo ya Rwanda. Mpe picha zako. "Mzee, kati ya hawa, yupi ulikuwa unampata zamani na sasa humpati?" Uliza pia kuhusu miaka ya baada ya 1989, Ruzizi II ilipoanza, kwa kuwa kumbukumbu ya wazee ni ushahidi muhimu wa kipindi hicho. Wavuvi, mama wauzaji na wachimba mchanga waulizwe kila kundi peke yake. Mbele ya wanaume wa mtumbwi, mama wengi watanyamaza, na wao ndio wanaojua bei na ukubwa wa samaki umebadilika vipi.

Wadudu wa majini, fisi maji, ndege na wakubwa wa uwanda

Kwa wadudu, shika wavu wa matundu ya nusu milimeta, mwenzako apige mawe kwa mguu dakika tatu juu yako. Rudia mara tatu kwa kituo. Weka kwenye spiriti, wahesabu mezani. Vaa buti za mpira, maana kichocho kipo kwenye uwanda. Aliyelowa mara nyingi apimwe kituo cha afya.

Fisi maji huonekana mara chache, lakini kinyesi chake kimejaa mifupa ya samaki na maganda ya kaa juu ya mawe ya ukingoni. Tembea meta 600 za ukingo kuanzia kwenye kila kituo, hesabu marundo, andika kama ni mapya au makavu. Usiyafagie. Baadhi ya watu huyaondoa ili wasiyahesabu tena, na mnyama anayetumia mahali hapo kuweka alama huhama.

Ndege wahesabiwe kati ya 06:00 na 09:00, dakika kumi kwa nukta, nukta zikiachana meta 250. Furukombe, mdiria na mnandi wanategemea samaki moja kwa moja. Kisha toka mtoni na ufuate njia itakayopitishiwa nyaya za umeme, jambo ambalo karibu kila timu husahau. Korongo mwenye taji, aliye kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini, huruka chini na kugonga nyaya akitoka kinamasini. Ukimwona, chora mwelekeo wa kuruka kwake kwenye ramani; mahali hapo ndipo nyaya zitahitaji alama za kuonekana.

Viboko na mamba ni wa uwanda wa chini na delta, ambako upande wa Burundi kuna Hifadhi ya Rusizi. Viboko wahesabiwe 09:00 hadi 11:00 wakiwa majini, ukiwa juu ya ukingo, kamwe usikae kati ya kiboko na maji. Mamba huhesabiwa usiku kwa kurunzi, macho yakiwaka mekundu, na kazi hiyo iachiwe wenye boti ya injini na mtu wa hifadhi.

Kupeleka takwimu

Sheria ya Kongo namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi wa namna hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, ile inayoitwa EIES, na Wakala wa Mazingira wa Kongo, ACE, ndiye anayeikagua. Maoni ya wananchi yana nafasi humo, lakini malalamiko bila jedwali huishia kwenye orodha ya waliohudhuria.

Jedwali liwe na mstari mmoja kwa samaki mmoja: tarehe, saa, kituo, nukta za GPS, kifaa, eneo la wavu, saa majini, aina, urefu mara mbili, uzito, hatua ya mayai, namba ya picha, namba ya chupa. Usitume wastani peke yake. Chora pia mstari wa aina mpya zilizoongezeka kwa kila usiku wa kazi. Ukiona bado unapanda, andika wazi kwamba orodha haijakamilika.

Chupa zenyewe zipelekwe mahali zitakapotunzwa: UERHA, kitengo cha hidrobiolojia kwenye chuo cha ISP Bukavu, CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia Lwiro, au CRH, kituo cha utafiti wa hidrobiolojia Uvira. Jina la samaki lililoandikwa na mwanafunzi linaweza kupingwa. Samaki mwenyewe kwenye chupa yenye namba atachunguzwa upya na yeyote anayetilia shaka. Ripoti na jedwali zitolewe nakala tatu: kwa ACE, kwa huduma ya mazingira ya jimbo, na kwa sheferi. Kila nakala iondoke na karatasi ya kupokea yenye muhuri na tarehe, ipigwe picha siku hiyo hiyo kabla mtu hajaondoka ofisini.